Ruhusa ya Wimbo na Wajibu wa Mwimbaji: Tafakuri Kutokana na Jioni za Nyimbo Mitunguu

1. Utangulizi

Katika fasihi simulizi ya Afrika Mashariki imeenea imani kwamba wimbo una ruhusa ambayo mazungumzo ya kawaida hayana. Jambo ambalo mtu hawezi kumwambia mkwewe, chifu wake au jirani yake ana kwa ana, anaweza kuliimba, na aliyeimbiwa hutarajiwa kustahimili. Leroy Vail na Landeg White, katika kitabu chao cha 1991 kuhusu mashairi ya sifa ya Kusini mwa Afrika, waliifanya imani hii kuwa msingi wa nadharia nzima. Kinachopewa ruhusa, kwa maoni yao, ni utungo wenyewe wala si mtungaji. Mwimbaji hupita salama kwa kuwa amejificha nyuma ya utanzu unaoheshimiwa na wote.

Makala haya yanakusudia kuichunguza imani hiyo kwa upande wa maadili. Swali lake ni jepesi kulitamka ingawa si jepesi kulijibu: je, anayeimba anawajibika kwa maneno ya wimbo ambao hakuutunga, ambao ni urithi wa mababu, na ambao hadhira yenyewe imemwomba auimbe? Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuuliza wimbo unasema nini, una fani gani na una dhima gani katika jamii. Ni mara chache wameuliza nani atalipa iwapo wimbo utamuumiza mtu. Swali hili linaulizwa hapa kwa kurejelea mahali mahsusi, yaani jioni za nyimbo katika soko la Mitunguu, kwa sababu historia ya sehemu hiyo imelipa uzito usioweza kukwepwa.

2. Mahali na jioni yenyewe

Mitunguu ni soko lililo Imenti Kusini, chini ya Nkubu, pale ambapo miteremko ya Mlima Kenya inaishia katika nchi ya joto inayoelekea Tharaka. Mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa katika miaka ya 1980 ulileta maji katika mashamba madogo ya eneo hilo, na tangu hapo ndizi za Mitunguu zimejulikana hata katika masoko ya Nairobi. Kwa sababu hiyo soko ni mahali pa kukutania: Waimenti wa juu, Watharaka wa chini, wachuuzi na madereva wa malori. Lahaja za Kimeru huchanganyika hapo na Kiswahili na Kikuyu, na nyimbo nazo vivyo hivyo.

Katika masoko ya namna hii klabu imerithi sehemu ya kazi iliyokuwa ya uwanja wa ngoma. Ngoma ndefu za Chuka na Tharaka, zinazobanwa katikati ya miguu ya mpigaji, bado zinaonekana katika sherehe za kitaifa na mashindano ya shule. Usiku wa Jumamosi, hata hivyo, ni wa mtu mmoja mwenye gitaa, au mwenye kinanda cha umeme kinachotoa mdundo chenyewe. Mtindo huu, ambao katika nchi ya Wakikuyu ulishamiri katika miaka ya 1990 kwa jina la mugithi, hauna woga wa kuchanganya. Huchukua lahani za tenzi za kanisani na za jandoni, huzitia maneno mapya, kisha huirudishia hadhira nyimbo ambazo hadhira ilidhani imekwisha kuzisahau. Hapana shaka kwamba ni fasihi simulizi iliyo hai, na mhakiki anayeidharau kwa kuwa inanuka bia atakuwa ameikosa fasihi ya watu wake.

Mfano wa kubuni utasaidia kulidhihirisha tatizo. Na ichukuliwe kwamba ni Jumamosi jioni, klabu imejaa, na mwimbaji ni mtu wa makamo anayejulikana sokoni kote. Meza moja inaomba wimbo wa zamani, mmoja wa zile zilizokuwa zikiimbwa usiku wa kuamkia tohara. Mwimbaji anauanza. Hadhira inaitikia kwa furaha ya kweli, kwa maana wengi waliusikia kwa nyanya zao na hawajausikia tena tangu utotoni. Katika ubeti wa tatu wimbo unamkejeli msichana ambaye hajatahiriwa: ni mtoto asiyekua, hafai kuolewa, ni aibu ya mama yake. Watu wanacheka. Miongoni mwa wanaohudumu mezani yumo msichana aliyezaliwa upande wa Tharaka, ambaye wazazi wake walikataa akeketwe, na wenzake wanalijua jambo hilo. Anaendelea kukusanya chupa. Mteja mmoja anamtazama, kisha anaitikia kiitikio kwa sauti ya juu kuliko awali.

Hakuna aliyemtaja msichana huyo kwa jina, wala aliyemgusa. Kesho yake mwimbaji akiulizwa atasema kwamba aliimba wimbo tu. Je, jawabu hilo linatosha?

3. Tetezi tatu za mwimbaji

Mwimbaji ana tetezi tatu, na kila moja inastahili kusikilizwa kwa makini kabla ya kukataliwa.

Utetezi wa kwanza ni kwamba maneno si yake. Wimbo ni wa jamii, yeye ni mdomo tu unaoupitisha. Utetezi huu una nguvu katika fasihi andishi, ambamo msomaji wa sauti anaweza kweli kutenganishwa na mwandishi. Katika fasihi simulizi nguvu hiyo inapungua sana. Albert Lord, katika utafiti wake kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia uliochapishwa 1960, alionyesha kwamba fanani hakariri matini iliyokwisha kamilika, bali hutunga papo hapo anapotenda. Ni kweli kwamba Lord aliandika juu ya tendi ndefu, na wimbo mfupi wenye kiitikio hubadilika kwa kiasi kidogo zaidi. Hata hivyo, yeyote aliyekusanya nyimbo Afrika Mashariki anajua kwamba beti huongezwa, hupunguzwa, na majina hubadilishwa kulingana na waliohudhuria. Mwimbaji wa klabu hufanya hivyo kila usiku: humtaja mteja aliyemtuza, huliacha jina la hasimu wake, hurefusha ubeti unaochekesha. Mtu mwenye uhuru huo hawezi kusema kwamba ubeti wa tatu ulimlazimisha auimbe. Aliuchagua, kama alivyouchagua ule wa kumsifu mwenye klabu.

Utetezi wa pili ni wa urithi. Nyimbo hizi zinapotea, na kuzikata beti zisizopendeza ni kuua nusu ya kumbukumbu. Katiba ya Kenya ya 2010 inautambua utamaduni katika kifungu cha 11 kuwa msingi wa taifa, na inaitaka dola ikuze maonyesho ya utamaduni kupitia fasihi, sanaa na sherehe za jadi. Hoja hii ni nzito na makala haya yatairudia baadaye. Kwa sasa inatosha kukumbusha kwamba Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 44, inakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine afanye au afanyiwe jambo la mila. Kwa hiyo waandishi wa Katiba walitambua kwamba utamaduni unaweza kuwa hazina na unaweza pia kuwa shinikizo, na kwamba mara nyingi huwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Utetezi wa tatu ndio wa kifalsafa zaidi. Wimbo, husemwa, ni mchezo. Aliyeimba hakutoa kauli ya kweli, kama ambavyo mwigizaji anayetangaza vita jukwaani hajaanzisha vita. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa 1962, alieleza kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda: kuahidi, kuoa, kubatiza. Lakini aliongeza kwamba maneno hayo yakitamkwa na mwigizaji jukwaani au yakitiwa katika shairi huwa matupu, hayatendi tena. Iwapo Austin ana haki, basi mwimbaji wa Mitunguu ameachiliwa, maana kejeli yake haikumkejeli mtu.

4. Ruhusa ilikuwa na masharti

Kabla ya kumjibu Austin ni vyema kuuliza ruhusa ya wimbo ilisimama juu ya nini pale ilipokuwa na nguvu. Hapa ushairi wa Kiswahili unafaa kurejelewa, kwa kuwa kumbukumbu zake za maandishi ni nyingi na za kale. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu waliwatungia wapinzani maneno makali. Matusi ya kisiasa yalisafiri baharini katika beti, nayo majibu yalirudi katika beti. Karne moja baadaye, kama alivyoeleza Margaret Strobel katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Nyimbo hizo ziliwaumbua mahasimu na kuwaaibisha waliovunja maadili.

Katika mifano hii miwili ruhusa inaonekana kuwa na masharti yasiyoandikwa. Sharti la kwanza ni haki ya kujibu: aliyeimbwa naye ana wimbo, ana chama, ana malenga wake. Sharti la pili ni wakati: kuna usiku wa kushindana na kuna siku baada yake, na yanayosemwa usiku huo hayaendelezwi kisimani. Sharti la tatu ni kwamba mwimbaji anajulikana na ataishi pamoja na aliowaimba. Hawezi kutupa neno na kutoweka. Haitoshi basi kusema pamoja na Vail na White kwamba ruhusa ni ya utungo. Utungo uleule ukihamishwa kutoka duara la washindani hadi mahali ambapo mmoja anasema na wengine wananyamaza, haupewi tena ruhusa na mtu yeyote. Ruhusa ni mapatano ya watu waliokusanyika, na mapatano hayabebwi na maneno kama mzigo unavyobebwa na punda.

Klabu imeyavunja masharti hayo kwa njia ya kawaida kabisa, bila mtu kukusudia ubaya. Ina kipaza sauti kimoja. Anayekishika anasikika mpaka barabarani, na asiyekishika hawezi kujibu hata akipiga kelele. Wimbo uliokuwa wa msimu mmoja unaombwa Jumamosi yoyote na mwenye noti. Sharti la tatu tu ndilo lililosalia, kwamba Mitunguu ni ndogo na mwimbaji atakutana na msichana yule Jumatatu njiani. Huenda sharti hilo moja ndilo linaloweza kutumiwa kuyaokoa mengine.

5. Nyimbo zisizokuwa za kujibizana

Hata hivyo, itakuwa kosa kuupamba uwanja wa zamani kwa kuuonea fahari. Si nyimbo zote zilizokuwa za kujibizana. Wimbo wa kumkejeli asiyetahiriwa haukumkaribisha ajibu kwa wimbo. Ulimwita, na jawabu pekee lililokubalika lilikuwa ni kwenda kukatwa. Kejeli hapo haikuwa mapambo ya sherehe. Ilikuwa sehemu ya kazi ambayo kisu kiliimaliza.

Historia ya Meru inalithibitisha jambo hili kwa namna ya kuhuzunisha. Mwezi Aprili 1956 baraza la Njuri Ncheke, kwa kushawishiwa na maofisa wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wanawake. Mwanahistoria Lynn Thomas ameeleza yaliyofuata. Wasichana wengi walikwenda porini makundi kwa makundi na kukatana wenyewe kwa nyembe. Watu waliwaita Ngaitana, yaani 'nitajitahiri'. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake wazima, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kulivunja katazo hilo. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo hasira dhidi ya serikali iliyokuwa ikiwakandamiza watu wakati wa Hali ya Hatari. Lakini kwa mhakiki wa fasihi kuna funzo moja lisilopaswa kupuuzwa. Sherehe ya hadhara ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa kuimba kwa sauti kungemwita polisi. Neno, hata hivyo, lilikuwa limekwisha ingia ndani. Wasichana wale hawakuhitaji kuimbiwa tena ili wajue wangeitwa nani wasipokwenda.

Miaka 40 baadaye, Agosti 1996, katika kijiji cha Gatunga huko Tharaka, familia zipatazo 30 ziliwapitisha binti zao katika utaratibu mpya. Utaratibu huo uliandaliwa kwa ushirikiano wa Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH. Wasichana walikaa faraghani kwa wiki moja, wakafundishwa na wanawake wakubwa juu ya mwili, utu uzima, heshima na maisha ya baadaye, kisha wakatokezwa mbele ya jamii kwa ngoma, nyimbo, maigizo na zawadi. Kila kilichokuwamo katika ibada ya zamani kilitafutiwa nafasi yake isipokuwa kisu. Jina lililopewa utaratibu huo ni Ntanira na Mugambo. Kwa kawaida hufasiriwa 'tohara kwa maneno', ingawa mugambo ni sauti, na jina zima linatamkwa kama ombi: nitahiri kwa sauti.

Majina haya mawili, Ngaitana na Ntanira, yametoka katika mzizi mmoja wa kitenzi. La kwanza limejirejea: msichana peke yake, akijifanyia jambo ambalo wakubwa wamelikataza lakini kejeli yao bado inalidai. La pili linaielekea jamii na kuitaka itumie sauti yake kwa kazi nyingine. Utaratibu huo haukuumaliza ukeketaji, na wako waliolalamika kwamba pasipo wazazi na majirani kushirikishwa barabara sherehe yenyewe hubaki maonyesho. Idadi ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa imepungua kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022, na hapana awezaye kusema ni sehemu gani ya upungufu huo iliyoletwa na nyimbo, na ni ipi iliyoletwa na shule, dini au sheria. Lakini kama wazo, Ntanira na Mugambo linamjibu Austin kikamilifu. Katika kijiji kile maneno yaliyoimbwa mbele ya hadhira hayakuwa matupu. Msichana aliingia akiwa mtoto, akatoka akiwa mtu mzima, na kilichomvusha ni sauti.

Hapa ndipo tetezi ya mchezo inapoanguka. Jamii haiwezi kushika mambo mawili yanayopingana. Ikiwa inaamini kwamba sauti inaweza kuchukua nafasi ya kisu kwa wema, haiwezi wakati huohuo kudai kwamba kejeli ni sauti tu na haikati. Mwimbaji wa klabu hubeba chombo kilekile walichokibeba wanawake wa Gatunga. Jukwaa halikifanyi kiwe butu.

6. Hatari ya hoja hii

Msomaji mwangalifu ataiona hatari mara moja. Ikiwa mwimbaji anawajibika kwa maneno yake, basi dola nayo itapata kisingizio cha kumwajibisha. Kenya inayo kumbukumbu chungu ya jambo hilo. Mwaka 1977 tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, ilinyimwa kibali, na mwishoni mwa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 Maitu Njugira, iliyojengwa kwa kiasi kikubwa kwa nyimbo, ilifungiwa milango ya Ukumbi wa Kitaifa, na ukumbi wa Kamirithu ukabomolewa. Waliobomoa hawakuhitaji kumsoma Austin. Walijua kwamba wimbo unatenda.

Je, yule anayemtaka mwimbaji wa Mitunguu awajibike anasimama upande wa waliobomoa? La, kwa sababu kuwajibika hakuna maana mpaka isemwe ni kwa nani. Wimbo unaomkejeli mwenye nguvu unamkuta mtu aliye na redio, magazeti, baraza na askari. Haki ya kujibu anayo kwa wingi mno. Joseph Kamaru alipoimba katika miaka ya 1960 juu ya mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake, walimu walihamaki, na chama chao kilikuwa na sauti ya kutosha kumlalamikia hadharani. Huo ulikuwa mjadala halali wa jamii: wimbo umesema, na wenye chama wamejibu. Msichana anayekusanya chupa hana chama. Mwimbaji anawajibika kwa yule ambaye wimbo unamgusa na ambaye hana pa kujibia, na uzito wa wajibu huo huongezeka kadiri sauti ya aliyeguswa inavyopungua. Kanuni hii inamlinda mwimbaji dhidi ya wakubwa na inawalinda wadogo dhidi ya mwimbaji.

Inapasa kukiri kwamba sheria ya Kenya nayo imekwisha kuingia katika uwanja huu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011, katika kifungu cha 25, inalifanya kosa neno la dharau linalokusudiwa kumkejeli au kumwaibisha mwanamke kwa kuwa hajakeketwa, au mwanamume kwa kumwoa mwanamke wa namna hiyo. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Sheria imeona kile ambacho wahakiki wengi hawakukiona, kwamba kejeli ni kiungo katika mnyororo wa tendo. Lakini sheria hudai nia ithibitishwe, na nia katika wimbo haishikiki kwa urahisi. Ni ya nani: ya bibi aliyeutunga, ya mzee aliyeuimba, ya meza iliyouomba, au ya mteja aliyemtazama msichana? Askari anayeingia klabu kutafuta jawabu huenda akatoka na mtu asiyehusika. Kazi hii inahitaji mkono mwepesi kuliko wa askari, na mkono huo ni wa mwimbaji mwenyewe.

7. Urithi utunzwe vipi?

Sasa hoja ya urithi inaweza kurudiwa. Haifai kukanusha kwamba nyimbo za kejeli ni sehemu ya historia ya Wameru, wala kwamba ujuzi wa fani uliomo ndani yake ni mkubwa. Mtafiti anayezikusanya hana haki ya kuzisafisha. Akiufuta ubeti wa tatu katika daftari lake atakuwa amewaondolea wajukuu uwezo wa kuelewa kwa nini wasichana wa 1956 walikwenda porini. Ubeti huo unastahili kuandikwa, kurekodiwa, kufasiriwa na kufundishwa darasani, pamoja na maelezo ya kazi uliyoifanya.

Lakini kuhifadhi na kuimba ni vitendo viwili tofauti. Anayehifadhi anasema: hivi ndivyo ilivyosemwa. Anayeimba mbele ya hadhira inayoitikia anasema tena, na wanaoitikia wanasema pamoja naye. Kiitikio ndicho kinachotofautisha wimbo na ushahidi. Hakuna anayeitikia ukurasa wa kitabu. Wanaodai kwamba bila klabu nyimbo zitakufa wamesahau pia kwamba nyimbo hizi hazikuwahi kuishi kwa kubaki zilivyo. Ziliishi kwa sababu kila kizazi kilizibadilisha, na wanawake wa Gatunga, waliotia maneno mapya katika sherehe yao, ni warithi halali wa mapokeo hayo kuliko anayeukariri ubeti kwa kuogopa kuugusa.

Kwa hiyo mwimbaji ana njia kadhaa, na hakuna hata moja inayomlazimu kukaa kimya. Anaweza kuuacha ubeti, kama anavyoacha mingine kila usiku. Anaweza kuugeuza, kejeli ikamrudia anayekejeli, jambo ambalo waimbaji hodari wamelifanya siku zote. Anaweza pia kuuimba kama ulivyo, kisha akampa mwingine kipaza sauti ili ajibu. Njia hii ya mwisho ndiyo ngumu zaidi, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mapokeo ya kujibizana ambayo ruhusa ya wimbo ilitokana nayo. Haitoshi, bila shaka, kumwinua mhudumu asiyetaka kuinuka na kumtaka aimbe mbele ya wateja wake. Hiyo itakuwa aibu ya pili. Ni lazima kwanza klabu iwe mahali ambapo mwanamke anaweza kukishika kipaza sauti bila kuonekana kituko. Hilo haliwezi kufanywa na mtu mmoja kwa usiku mmoja.

8. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba ruhusa ya wimbo haimo katika maneno ya wimbo. Imo katika mapatano ya waliokusanyika, na sharti kuu la mapatano hayo ni kwamba aliyeimbwa aweze kujibu. Pale sharti hilo linapokosekana, mwimbaji hubaki na maneno yake mkononi kama mtu mwingine yeyote anayesema. Imedaiwa pia kwamba katika jamii iliyothubutu kuiweka sauti mahali pa kisu, hoja kwamba wimbo ni mchezo tu haina tena pa kusimama. Plato, alipowawekea watunzi mipaka katika dola yake, alikosea kwa kuwakabidhi walinzi wa dola uamuzi. Hakukosea aliposhikilia kwamba nyimbo huumba nafsi za wanaozisikia.

Kwa uhakiki wa fasihi simulizi matokeo yake ni kwamba uchambuzi wa fani na dhima hautimii mpaka aliyeguswa na wimbo naye ahesabiwe katika utendaji. Mikusanyo mingi inarekodi fanani, hadhira, ala na tukio. Ni michache inayorekodi nani alikuwapo akanyamaza, na kwa nini. Katika jioni iliyobuniwa hapa, mtafiti mwenye kinasa sauti angerudi na wimbo mzuri, mwitikio mkubwa na vicheko vya hadhira. Sauti ya chupa zinazokusanywa ingesikika nyuma kwa mbali, na huenda angeifuta ili kanda iwe safi.